Nukta Nyekundu ya Mzee Nyabuto

Kenyenya,
Jumapili, 9 Machi 2025

Mkwe wangu Jeconia Orwa,

Nakusalimu wewe, binti yangu Ruth, na kila anayekula ugali wa nyumba yenu hapo Nakuru. Sisi huku tungali wazima. Mvua imeanza na chai inachipuka kwa fujo.

Ruth ameniambia kwamba ulitaka kunipigia simu ili unibishie, akakukataza. Alifanya vyema. Mkwe habishani na baba wa mkewe kwa simu, maana maneno ya simu hutoka kabla hayajavaa shati. Kwa karatasi nibishie hadi uchoke. Nitasoma nikiwa peke yangu, na hakuna atakayeuona uso wangu.

Haya, jambo lenyewe. Duke, shemeji yako aliyeko Amerika, alisikia jinsi wezi walivyochukua ng'ombe wa mlima huu Desemba iliyopita, na mimi babake ndiye polisi wa akiba hapa, na bunduki ya serikali begani. Nadhani aliona haya kwa niaba yangu. Amenitumia mzigo kwa mkono wa mtu wa kanisani. Ndani mna tochi ya kufunga chini ya mtutu, kishikio cha mkono wa mbele, miguu miwili ya kusimamishia bunduki, na darubini fupi isiyozidi kiganja.

Jeconia, hiyo darubini! Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaiweka jichoni. Ng'ambo ya mto kulikuwa na mama akichuma chai. Kwa macho yangu ni kitone cha kitambaa tu. Kwa darubini nilikiona kidole chake, na kwenye kidole nikaona plasta. Nikaigeuzia mkaratusi ulioko mpakani, nikamkuta mwewe ananitazama. Alipepesa jicho! Na katikati ya yote hayo imekaa nukta nyekundu, ndogo, haitikisiki, inamngoja mwewe, inamngoja mama wa chai, inakwenda popote ninapokwenda. Nilijikuta nimevua kofia kama niko kanisani.

Nyamongo, fundi wa baiskeli pale sokoni, ameifunga juu ya bunduki kwa klipu za bomba la maji. Imekaa kana kwamba ilizaliwa hapo. Sasa wewe ni fundi wa silaha wa serikali. Niandikie namna ya kuilinganisha na risasi, mwezi huu wa mvua usiishe kabla sijawa tayari.

Mimi mkweo,
Nyabuto

---

Nakuru,
Jumatatu, 17 Machi 2025

Mzee wangu Nyabuto, mkwe wangu mheshimiwa,

Barua yako nimeipata pamoja na ndizi. Ndizi tumekula kwa amani. Barua imeninyima usingizi.

Klipu za bomba la maji, Mzee! Samahani, nimeandika kwa mshangao na Ruth yuko hapa ananiambia nitulize mkono. Wacha nianze upya kwa adabu.

Bunduki uliyopewa ni ya serikali, na kuifungia kitu chochote bila idhini ni kosa. Hilo ni la kwanza na ningeweza kuishia hapo. Lakini najua utasema sheria iko Nairobi na wezi wako mtoni, kwa hiyo nitakupa sababu za karakana. Bunduki hiyo ya G3 inapiga teke kama punda. Klipu ya Nyamongo italegea kidogo kila risasi inapotoka. Darubini ikisogea upana wa ukucha, risasi inakwenda kwa jirani huku nukta yako nyekundu ikikuapia kwamba iko kwa mwizi.

Nimekaa na bunduki miaka mingi. Askari wapya huja na picha kwenye simu, wanataka bunduki iliyovaa kama bibi harusi: tochi huku, kioo kule, vishikio hadi hakuna pa kushika. Nawaambia bunduki ya kujilinda iwe kama jembe. Uiokote gizani au kwenye matope, na mkono ujue kila kitu kiko wapi. Iwe safi, ifyatuke kila inapotakiwa, iwe na mkanda mzuri ili mikono yako iwe huru kushika kamba ya ng'ombe au mkono wa mtu. Tochi naikubali, lakini ibaki katika mkono wa kushoto. Tochi iliyofungwa kwenye mtutu haimuliki mtu bila kumwelekezea kifo. Mengine mrudishie Duke.

Nina swali moja tu, na nakuomba ulijibu. Ukifunga jicho la kushoto na kuangalia kile kijiti cha kulengea kilichoko mbele, mdomoni mwa mtutu, unakiona kingo zake ziko wazi, au zimefifia unaona manyoya tu?

Nakuheshimu kila siku,
Jeconia

---

Kenyenya,
Jumapili, 23 Machi 2025

Mkwe wangu,

Nimesoma. Umeandika kwa adabu na umenikata kwa wembe. Ndiyo maana nilikubali umwoe Ruth, ingawa wazee wa hapa walisema mtu wa ziwa atamlisha miiba ya samaki.

Kuhusu sheria, nimekusikia. Kuhusu teke la punda, nalijua, bega langu limelipokea tangu wewe ukivaa kaptula. Klipu nimemwambia Nyamongo aongeze ziwe nne. Tochi nimeiacha palepale kwa sababu mkono wangu wa kushoto una kazi ya kushika kishikio kipya.

Sasa nawe nielewe. Jirani yangu hapa chini ni Esnah, mjane. Mume wake tulibatizwa naye mto mmoja, siku moja. Desemba wezi walipompitia walimwachia ng'ombe mmoja tu, yule mwekundu, kwa sababu alikuwa amefungwa jikoni akiugua. Asubuhi ile nilikwenda kumpa pole, nikiwa na bunduki begani kama mpumbavu. Hakunilaumu. Alikuwa ameshika kamba tupu, anaizungusha mkononi, ananiangalia. Jeconia, afadhali angenitukana. Mwanawe wa pekee, Okemwa, alikwenda kuchuma chai kwenye mashamba ya Kericho na huu ni mwaka wa tatu hajaonekana. Mlinzi wa yule mama ni nani kama si mimi?

Nimeapa huyo ng'ombe mwekundu hatatoka. Na kwa darubini hii nalinda mpaka mtoni bila kuondoka kizingitini. Jana nilimwona kunguni wa majani akitembea juu ya mgomba wa Esnah. Mungu aliyempa mwanadamu akili ya kutengeneza kioo hiki hakuwa na mchezo.

Wasalimie wote. Ruth asisahau kunywa maziwa.

Nyabuto

---

Nakuru,
Ijumaa, 28 Machi 2025

Mzee wangu,

Umenijibu yote isipokuwa nililouliza.

Naomba unisamehe kwa ninalosema. Barua zako za mwaka juzi ziko hapa kwenye kabati la Ruth. Herufi zilikuwa ndogo, zimepangwa kama mahindi. Sasa zimekuwa kubwa kama za bango la duka, na mistari inapandana. Jicho la mtu mzima huanza kuchoka na vitu vya karibu. Si aibu, hata mimi litanifikia. Lakini kijiti cha kulengea kiko karibu, na mwenye kuona manyoya pale hupenda sana nukta nyekundu, kwa kuwa nukta haihitaji jicho jema.

Ukienda kupimwa macho hospitalini, hakuna atakayekucheka.

Jeconia

---

Kenyenya,
Jumatano, 2 Aprili 2025

Mkwe wangu,

Usimwonyeshe Ruth barua hii.

Leo asubuhi kulikuwa na ukungu. Nilimlenga mtu mtoni, ameshika kamba ya ng'ombe mwekundu wa Esnah. Nukta ilikuwa kifuani pake na kidole changu kilikuwa mahali pake. Nilikuwa nimekwisha kuamua.

Akasema, "Baba!"

Sikupiga. Yule mtu amekwenda zake na ng'ombe. Nitaandika nikipata nguvu.

N.

---

Nakuru,
Jumanne, 8 Aprili 2025

Mzee wangu mpendwa,

Pole sana. Ruth sijamwambia, nimefanya ulivyoagiza.

Nimekaa na karatasi yako siku nzima kazini. Mwizi ameonekana akiwa na ng'ombe mkononi, anakuona, anakuita baba ili umwonee huruma, nawe unashusha bunduki. Mzee, nakuvulia kofia. Nimefundisha askari ambao wangefyatua kwanza na kusikiliza baadaye. Huenda nami niliikosea darubini yako. Kumbe ilikusogezea uso wa mtu hadi ukaona ni mtoto wa mtu. Ikiwa ndivyo, nitakutafutia kifungio halali na nitakuombea idhini mimi mwenyewe, na Nyamongo abaki na baiskeli zake.

Lakini kuna jambo moja linanisumbua. Umesema amekwenda zake na ng'ombe. Huruma ya kumwachia roho yake naielewa, lakini ya kumwachia ng'ombe wa mjane siielewi. Nenda kituoni ukaripoti mara moja, useme sura yake. Mwizi aliyejua kwamba neno moja linakushinda atarudi nalo. Na mama Esnah amesemaje, sasa hana hata mmoja?

Jeconia

---

Kenyenya,
Jumapili, 13 Aprili 2025

Jeconia,

Nilipoisoma barua yako nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikageuka kitu kingine na nikalazimika kutoka nje.

Nilikuandikia Kiswahili nikaweka ndani yake neno la Ekegusii. Wewe umekaa na mke Mgusii miaka yote hii. Yeye humwita mamake nani? Kwetu baba ni mama, Jeconia. Mzazi wangu wa kiume ni tata. Baba ni yule aliyekunyonyesha.

Sasa soma upya.

Asubuhi ile nilisikia ng'ombe akilia upande wa mto, nikatoka na bunduki. Ukungu ulikuwa umejaa bonde kama maziwa kwenye kibuyu. Nikasimamisha ile miguu miwili juu ya ukuta wa mawe, nikaingiza jicho kwenye kioo. Ukungu ukafunguka mahali pamoja tu, nami nikamwona. Mwanamume mrefu, amejifunika shuka nyekundu hadi kichwani, ameshika kamba ya ng'ombe wa Esnah, anaelekea mtoni. Nilimwona kama nilivyokuwa nikimwona mchungaji wangu akiwa mimbarini. Niliona mvuke ukimtoka puani. Niliona kifungo kimoja cha shati kimeshonwa kwa uzi mweusi na vingine kwa mweupe. Sijawahi kuwa karibu hivyo na mtu ambaye hajui niko. Nilistaajabu, mkwe wangu, na sitakuficha, nilifurahi. Nilijiona mkubwa. Nukta ilitulia kifuani pake yenyewe kana kwamba ndipo kwao.

Miaka yote, nikiona kivuli, nilipaaza sauti: "Ning'o oyo?" Nani huyo? Hata Desemba nilipiga kelele, na wezi wakanicheka. Nilikuwa nauliza kwa sababu sikuona vizuri. Siku hiyo sikuuliza. Jicho likiwa ndani ya kioo kile, mdomo haufunguki. Niliona vizuri mno hata sikuona haja ya kuuliza.

Hakuniona, Jeconia. Hakuniomba huruma. Aligeuka nyuma kwenye ukungu na kuita kwa furaha, "Baba!" na ukungu ukaitika kwa sauti ya Esnah. Alikuwa anamwita mamake amwambie ng'ombe amepatikana. Alikuwa Okemwa. Amerudi alfajiri ile kutoka Kericho, akamkuta mamake anahangaika kwa kuwa ng'ombe amekata kamba, akajitupia shuka kwa sababu ya baridi, wakatoka wote wawili kumtafuta.

Mwizi angeweza kuwa na shuka ile ile, na kamba ile ile. Lakini mtu anayepaaza sauti ya neno hilo asubuhi, kwa namna ile, yuko nyumbani kwa mamake. Kidole changu kilisikia kabla sijasikia mimi. Nilishusha bunduki, nikakaa chini kwenye umande hadi suruali ikalowa.

Huyo mtoto nilimbeba mgongoni. Nilimfundisha kuhesabu kwa punje za mahindi. Nilimwona hadi uzi wa kifungo, na sikumjua.

Sasa nitakujibu lile swali. Naona manyoya. Tangu mwaka jana naona manyoya tu. Nilijua wakigundua watachukua bunduki, na mwanamume asiye na bunduki hawezi kutazamana na kamba tupu ya Esnah. Ndiyo maana nilimwomba Duke ule mzigo. Si yeye aliyeona haya.

Nyabuto

---

Nakuru,
Alhamisi, 17 Aprili 2025

Mzee wangu,

Neno lile nalijua tangu siku ya mahari. Ruth humwita mamake hivyo kwenye simu kila jioni, na mimi naketi hapo hapo. Nililisoma kwa Kiswahili kwa sababu uliniandikia Kiswahili. Nimejiona mjinga, halafu nikajiona mtu aliyebahatika, maana ningekuombea idhini ya ile darubini.

Nimemwonyesha Ruth. Usinikasirikie, nilishindwa kubeba peke yangu. Alisoma amesimama, akaniambia tu, "Okemwa alikuwa ananiibia penseli." Kisha akaenda chumbani.

Rudisha bunduki, Mzee. Irudishe ikiwa tupu, bila klipu, bila kitu, na useme mwenyewe sababu. Ukitaka nitaomba ruhusa nije tuende pamoja. Kuhusu Esnah, sijui nikushauri nini. Hakuna risasi iliyotoka. Labda si lazima ajue. Nakuachia wewe.

Nilikuwa nikidhani kazi yangu ni kuwafundisha watu kuona. Nitalifikiria hilo upya.

Mwanao,
Jeconia

---

Kenyenya,
Jumapili, 27 Aprili 2025

Jeconia mwanangu,

Bunduki nimeirudisha Ijumaa. Nyamongo alizifungua klipu zake kwa huzuni, alikuwa anazijivunia. Mkuu wa kituo alinisikiliza hadi mwisho bila kuandika, kisha akasema niende nipimwe macho, na Jumatatu nilete ile darubini pamoja na maelezo. Kijana wa upande wa Kiogoro ndiye atakayechukua nafasi yangu. Nimemwambia jambo moja tu, kwamba aulize kwa sauti kabla ya kuangalia. Aliitikia kama vijana wanavyoitikia wazee. Nitamwambia tena.

Kwa kuwa darubini ilikuwa bado kwangu, leo niliitia mfukoni nikashuka kwa Esnah. Wewe uliniachia niamue. Nilijaribu kunyamaza zaidi ya wiki tatu, Jeconia, na kila nilipopita alinisalimu kwa shukrani, akidhani asubuhi ile nilitoka kumsaidia kumtafuta ng'ombe. Aliwaambia watu kanisani kwamba mlima huu una mlinzi. Nisingeweza kuibeba ile shukrani hadi kaburini.

Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni. Alifuta mikono kwenye leso akaniambia, "Lete nione hicho kitu."

Tulitoka nje. Okemwa alikuwa ng'ambo, kwenye chai ya marehemu babake, kofia tu ndiyo ilionekana ikielea juu ya majani. Nilimwonyesha mamake pa kuweka jicho na pa kubonyeza ili nukta iwake. Akaitafuta kofia, akapotea, akaipata. Nilijua ameipata kwa sababu aliacha kupumua.

Alitazama kwa muda mrefu sana. Nilimwona akitabasamu, mama anayemwona mwanawe karibu baada ya miaka mitatu. Akasema, "Ana kidevu cha babake." Akasema, "Ooh, amekonda shingo." Alistaajabu kama nilivyostaajabu mimi siku ya kwanza. Kisha nadhani nukta ilimkalia Okemwa kifuani, maana tabasamu lilikwenda likaisha.

"Ulimwona hivi?" akauliza, bila kutoa jicho.

"Hivi."

"Karibu hivi?"

"Karibu hivyo, Esnah."

"Na hukumjua?"

Nikasema, "Sikumjua."

Alinirudishia darubini. Akaweka mikono mdomoni akaita jina la mwanawe kwa sauti yake mwenyewe, na kule ng'ambo kofia ikageuka, na Okemwa akaitika. Esnah akaniambia, "Atakuja kula. Utamwambia wewe, si mimi." Akaingia ndani.

Okemwa alikuja na majani ya chai yamemganda kwenye viatu vyake vya gumbuti. Nilimwambia hapo uani, mbele ya yule ng'ombe mwekundu, na sikupunguza neno. Nilipomaliza alikuwa anautazama mkono wangu wa kulia. Nilingoja anifukuze. Alikuwa na haki hiyo na mimi nilikuwa nimejiandaa kupanda mlima.

Aliingia jikoni. Nilisikia mamake akisema jambo kwa sauti ya chini, na yeye akajibu kwa sauti ya chini. Kisha akatoka ameshika beseni na jagi, na taulo begani, akapiga goti moja mbele yangu kama kijana anavyomnawisha mzee kabla ya kula. Alinimwagia maji ya vuguvugu polepole, mkono wa kulia, halafu wa kushoto, na hakuacha mpaka nilipomwambia inatosha.

Nyabuto